Subira ya Kumtambua Aliyenusurika

Wapo watu wanaoishi na kisukari miaka thelathini, sukari ikipanda na kushuka kama ya wenzao, na figo zisiguswe. Wengine hata miaka kumi na tano hawajatimiza, mkojo tayari una protini na macho yameshapigwa leza. Mwaka 1989 Elizabeth Seaquist na wenzake wa Minnesota, Marekani, walichunguza ndugu ambao wote wana kisukari. Pale mmoja alipokuwa ameharibika figo, asilimia 83 ya ndugu zao nao walikuwa na dalili za ugonjwa wa figo. Pale alipokuwa salama, ni asilimia 17 tu. Urithi ulikuwa na mkono wake.

Katika kuusaka urithi huo, watu husifu mashine zinazosoma vinasaba. Mimi nawasifu wapima mkojo. Nchini Finland, tangu 1997, mradi wa FinnDiane ulioasisiwa na Per-Henrik Groop umekuwa ukikusanya wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza kutoka pande zote za nchi. Kipimo kimoja hakiaminiwi, maana homa au mazoezi makali hupandisha albumini, protini inayovuja kwenye mkojo, kwa muda. Vipimo viwili kati ya vitatu sharti vikubaliane. Na nani aitwe salama, ili alinganishwe na walioharibika figo? Hapo ndipo penye ufundi. Mwenye kisukari cha miaka mitano huenda ugonjwa wake uko njiani bado, kwa hiyo husubiriwa atimize angalau miaka 15. Ni kuchambua mchele: chenga moja ikiachwa, huonekana mezani. Kwa upande wa macho, kikundi cha FinnDiane kilikadiria mwaka 2008 kuwa urithi unaeleza karibu nusu ya tofauti kati ya wagonjwa katika kupata ugonjwa mkali wa retina.

Mwaka 2019 Wafini na wenzao wa nchi nyingine waliunganisha takwimu za watu karibu 20,000. Wakakuta badiliko dogo katika jeni ya COL4A3, inayotengeneza kolajeni ya utando unaochuja damu ndani ya figo. Wenye badiliko hilo hukingika zaidi na madhara ya sukari kwenye figo. Ajabu ni kwamba jeni hiyohiyo ikiharibika kwa namna nyingine huleta ugonjwa wa Alport, unaoua figo.

Lakini watu wote hao walikuwa wa asili ya Ulaya, na majibu yao hayawezi kuchukuliwa kuwa ya Mwanza au Mombasa bila kupimwa upya. Enyi wenye kliniki za kisukari, tunzeni mafaili ya wagonjwa wenu wa siku nyingi, hasa ya wale wasiolalamika chochote.