Jirani mgonjwa na kitabu cha Ayn Rand

Katika kitabu alichotoa kule Marekani mwaka 1964, Ayn Rand alifundisha kwamba kujipenda ni fadhila. Mwanamke huyu alizaliwa Urusi mwaka 1905, na Wabolsheviki walimnyang'anya baba yake duka la dawa. Tusishangae basi kama alichukia kila amri ya kutoa kwa ajili ya wengine.

Tutazame mfano wake mmoja. Jirani yako ni mgonjwa, naye hana feza. Waweza kumpelekea chakula na dawa, asema, kama una uwezo. Lakini ni kwa hiari tu, si deni.

Mna ukweli humo, tukubali. Sisi tunajua walimu ambao mshahara wao unaliwa na ukoo kwa siku moja, nao hutoa kwa kuogopa maneno tu. Zawadi ya namna hiyo si mapendo. Lakini mwandishi anachanganya mambo mawili: kulazimishwa na watu, na kudaiwa na taabu ya jirani. Lazaro alilala mlangoni, mwili umejaa vidonda. Yule tajiri hakumwibia kitu, wala hakumpiga. Kwa hesabu ya Ayn Rand, hakudaiwa hata kombo la mkate.