Mayai ya Maganda ya Kitunguu

Mpishi wa Kiyahudi mwenye asili ya kisiwa cha Rhodes hatupi maganda ya vitunguu. Huyaweka mpaka yawe mengi, akayatandika chini ya sufuria, akapanga mayai mabichi juu yake, akamimina maji na mafuta kidogo, kisha akaacha moto mdogo ufanye kazi usiku kucha. Asubuhi mayai yamekuwa ya kahawia, na ukiyamenya, hata ute umeshika rangi. Ladha yake ni nzito, haifanani kabisa na ya yai lililochemshwa haraka. Wenyewe huyaita huevos haminados. Sheria ya Kiyahudi inakataza kuwasha moto siku ya Sabato. Basi sufuria hutelekwa Ijumaa kabla jua halijazama. Mayai hayohayo huliwa Pasaka ya Kiyahudi, pamoja na mina: mkate usiotiwa chachu unaloweshwa, unapangwa tabaka na nyama, unamiminiwa mayai, unaokwa.

Ufundi huu ulifika Katanga, nchini Kongo. Wayahudi walifukuzwa Hispania mwaka 1492, wakatawanyika katika dola la Waturuki, na baadhi wakafanya Rhodes kwao. Karne ya 20 ilipoanza, vijana wao walikuja kutafuta maisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Sinagogi lao lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na tangu 1937 Rabi Moïse Levy akaiongoza jumuiya kwa miongo mingi. Wengine walisonga hadi ziwa Mweru, kwenye nchi ya Kilwa yetu, si ile ya pwani, wakafanya biashara ya samaki. Nissim Soriano, baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi, alikuwa mmoja wao.

Na ziwa liliwafaa. Torati inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba tu, kwa hiyo kambare hapana, perege ndiyo. Watu wa Rhodes humpika samaki kwa mchuzi wa yai na limau. Mwaka Mpya wao, kichwa cha samaki huwekwa mezani kuomba mtu awe kichwa, asiwe mkia. Siku hiyo hutengenezwa pia travados, vitafunio vya lozi vinavyochovywa katika asali. Naamini asali ya miombo yetu ingevipendeza kuliko asali yoyote.

Julai 1944 Wanazi waliwachukua Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika hawakufika 200. Kisiwani meko yakazimika. Majiko ya Elisabethville yakawa miongoni mwa yaliyoendelea kupika vyakula hivi, na katika nyumba za Wazungu wa enzi ile, aliyesimama mbele ya moto mara nyingi alikuwa mpishi Mkongo. Huyo naye ni fundi wa mapishi haya, na anastahili heshima hiyo.

Leo Wayahudi waliobaki Lubumbashi ni wachache. Ndugu msomaji, kama kwenu yuko mzee aliyepikia nyumba hizo, kaa naye. Mwulize alivyopima moto wa makaa chini ya mayai yale, na uandike kila neno.