Ufundi wa Hifadhidata Ndogo

Programu ya simu inayofunguka mahali pasipo na mtandao na bado ikaonyesha mazungumzo ya mwezi uliopita huwa imebeba hifadhidata yake yenyewe, yaani mkusanyo wa taarifa uliopangwa katika majedwali ili kila kinachohitajika kitafutwe na kupatikana upesi. Hifadhidata ya namna hii husemwa kuwa imepachikwa, kwa sababu haihitaji seva, ile kompyuta inayozihudumia nyingine kupitia mtandao, bali huwa sehemu ya programu, na taarifa zake hukaa katika faili ndani ya simu. Iliyoenea kuliko zote ni SQLite, ambayo imo katika simu za Android na za iPhone, na ambayo WhatsApp huitumia kutunza mazungumzo. Hivyo watu wengi huitegemea kutwa nzima pasipo kupata kulisikia jina lake, na hiyo ni sifa kubwa kwa mafundi wake.

Mazingira ya kuzaliwa kwake mwaka 2000 yanaeleza tabia yake. Mtaalamu wa Marekani, D. Richard Hipp, alikuwa akishughulikia programu ya manowari USS Oscar Austin, iliyokusudiwa kuwasaidia mabaharia kukabiliana na madhara pindi mabomba ya meli yanapopasuka. Taarifa zilisomwa kutoka kwenye seva, na seva ilipozimika programu nzima ilikwama, ingawa ilichohitaji ni kusoma tu. Hipp akaona kwamba hapakuwa na haja ya kuiweka seva katikati, kwani programu ingeweza kulisoma faili yenyewe, moja kwa moja.

Uzuri wa ufundi huu, hata hivyo, umo katika kuandika kuliko kusoma. Programu ya duka inapoandika kwamba bidhaa imekopeshwa, haina budi kupunguza idadi ya bidhaa ghalani na kuongeza deni la mteja, na mambo hayo mawili kwa pamoja huitwa muamala, maana yake kazi ambayo ama hukamilika yote ama huhesabiwa kuwa haikufanyika kamwe. Betri ikizimika katikati, bidhaa imekwisha kupunguzwa na deni halijaandikwa, hesabu za duka zimeharibika. Kwa utaratibu wake wa asili, SQLite kabla ya kugusa ukurasa wowote, yaani kipande chochote cha faili, huyanakili yaliyokuwamo humo na kuyaweka katika faili la pembeni, ikahakikisha kwamba nakala hiyo imefika kwenye hifadhi ya simu, ndipo ikabadilisha ukurasa wenyewe. Kazi ikishakamilika hulifuta faili la pembeni, na kufutwa huko ndiko kukamilika kwa muamala. Simu ikizimika kabla ya hapo, programu itakapofunguliwa tena italikuta faili la pembeni, itatambua kwamba kuna kazi iliyokatizwa, na itarudisha kila ukurasa ulivyokuwa bila kumsumbua mwenye simu. Ni vigumu kutovutiwa na utaratibu unaoanza kazi kwa kuandaa namna ya kuitangua. Mwaka 2010 uliongezwa utaratibu wa pili ulio kinyume cha huo, ambapo mabadiliko mapya ndiyo yanayoandikwa pembeni huku ya zamani yakibaki mahali pake, na kwa njia hiyo wanaosoma hawamzuii anayeandika.

Ahadi ya namna hiyo haina thamani isipojaribiwa, na hapa watunzaji wa SQLite wamekwenda mbali kuliko wengi, kwa kuwa msimbo wa majaribio umeuzidi msimbo wa hifadhidata yenyewe kwa zaidi ya mara 500, na baadhi ya majaribio hayo huigiza kukatika kwa umeme, kwisha kwa kumbukumbu na kukataa kwa hifadhi. Msimbo wa hifadhidata yenyewe umetolewa bure, usio na haki miliki ya mtu yeyote.

Lakini chombo bora hakimwondolei wajibu mwenye kukitumia. Mjenzi wa programu asipoyafunga maandishi yanayotegemeana katika muamala mmoja, hifadhidata haina njia ya kujua kwamba yanategemeana. Toleo la kawaida la SQLite halifichi taarifa kwa fumbo, kwa hiyo ni juu ya mjenzi pia kuamua nini kisihifadhiwe wazi. Kazi ngumu zaidi huja majedwali yanapobadilika: ndani ya faili mna nafasi ya kuandika namba ya toleo, na mjenzi makini huandika hatua za kutoka toleo moja hadi linalofuata bila kuzitupa zile za zamani, ili mtu ambaye hajasasisha programu kwa muda mrefu kwa sababu ya bei ya bando, akiisasisha hatimaye kutoka toleo la 3 hadi la 9, apitishwe hatua zote za katikati na kuyakuta madeni na majina ya wateja wake yote yakiwa kamili.