Mpiga Ridhimu

Husimama nyuma ya waimbaji, karibu na drams, pale ambapo taa ya jukwaani haifiki vizuri. Shati lake la kitenge limelowa mgongoni na macho kayatuliza kwenye miguu ya wanaocheza. Wanaofika katika baa hii ya Temeke Jumapili jioni humsikiliza mwimbaji, humtuza mpiga solo, humshangilia mpiga tumba kwa mbwembwe zake. Mpiga gitaa la ridhimu hatuzwi na mtu. Lakini bendi nzima imemwegemea yeye, na akiteleza kidogo tu, hata aliyeinamia mishkaki yake atajua kuna kitu kimeharibika.

Wimbo unaanza polepole, mwimbaji akisimulia kisa cha ndoa au cha ujirani, na yeye anarudia mapigo yaleyale machache bila pambo lolote. Wazee wanacheza wameshikana, hatua fupifupi. Kisha linaingia chemko: waimbaji wanasogea pembeni, solo linapanda, tarumbeta na saksafoni zinajibizana. Chemko lidumu kwa dakika ngapi, hakuna palipoandikwa. Hilo wachezaji ndio wanaoliamua, na mpiga ridhimu ndiye anayewasoma.

Juzi mama mmoja wa makamo, kanga kaifunga kiunoni juu ya gauni, aliinuka kabla hajamaliza ndizi zake za kuchoma, akaja mbele peke yake. Bendi ilikuwa inajiandaa kumaliza. Mpiga ridhimu alimwona kabla ya wenzake, akamtupia jicho mpiga besi, akatikisa kichwa mara moja, na chemko likazunguka upya. Likazunguka tena. Yule mama alicheza amefumba macho, mabega tu na kiuno, nyayo hazikubanduka sakafuni. Alipogeuka kurudi mezani akijifuta jasho, ndipo wimbo ukafungwa, vyombo vyote kwa pigo moja. Sidhani kama alijua kwamba dakika zile za mwisho zilipigwa kwa ajili yake.

Ufundi wa namna hiyo unataka mahali pa kukulia, na zamani mahali palikuwapo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde, ilizaliwa mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la Jiji la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mwanamuziki alikuwa na mshahara, na mashabiki wa Msondo na wa Sikinde walitambiana kama watu wa Simba na Yanga. Marehemu Muhidin Gurumo, aliyetutoka mwaka 2014, aliimba pande zote mbili na pote alipendwa. Bendi ikipiga ukumbi uleule wiki baada ya wiki, kijana mwenye hamu alijua pa kwenda kukaa karibu na gitaa na kutazama vidole.

Siku hizi kwenye bango la baa huandikwa kwamba kuna bendi. Ukiingia unakuta kijana mmoja na kinanda, muziki umo ndani ya flashi, na yeye anaimbia juu yake. Wimbo utakwisha dakika ileile uliyopangiwa, uwe umeinuka kucheza au umelala kwenye kiti. Simlaumu kijana, anatafuta riziki. Mwenye baa naye ana hesabu zake, maana watu kumi na zaidi na gari la vyombo si gharama ndogo. Ninaowalaumu ni sisi tunaokaa mezani. Tunanung'unikia kiingilio, kisha tunaagiza bia na nyama ya bei mara tatu yake. Kuna baa moja ambako wateja waliwaagiza wanamuziki wapunguze sauti wasikie mpira kwenye televisheni, na bendi, ikiwa na saksafoni mbili na waimbaji wanne, ikatii. Niliona aibu usiku ule, na bado ninayo.

Nilimuuliza mpiga ridhimu wa Temeke anamfundisha nani. Akasema vijana huja, hukaa wiki mbili, wakiona malipo ya usiku mmoja wanaondoka. Kwa sasa hana mwanafunzi.

Wenye kumbi, wapeni bendi kamili siku moja tu ya wiki, iwe siku ileile bila kubadilishwa, ili watu waizoee na vijana wajue pa kujifunzia. Nasi wateja tuzime televisheni, tulipe kiingilio, na tuinuke kucheza.