Chuma cha Nyonga

Masika ya Kyela huacha uwanja ukiteleza kama umemwagiwa mawese. Bibi yangu wa Ngonga alitoka alfajiri kutazama kakao yake, akaanguka hatua mbili tu kutoka mlangoni. Tulipomlaza tukaona: mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake, vidole vimegeukia nje. Nyonga.

Tulipanda naye kupitia Tukuyu hadi Mbeya, kila tuta akilisikia kabla yetu. Daktari wa mifupa aliinua picha ya eksirei dirishani, akaweka kidole palipovunjika, akanyamaza. Ukimya ule ndio ninaousifu. Kabla ya kushika chuma chochote, fundi huyu husoma mfupa. Shingo ya paja ikikatika, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika nayo. Kwa mzee, mara nyingi kichwa hutolewa na kuwekwa cha chuma, kazi ambayo Austin Moore na Harold Bohlman waliifanya Marekani mwaka 1940. Bibi alivunjika chini ya shingo, ambako damu ni tele. Hapo mfupa huunga. Shida ni kuushikilia.

Kuna parafujo nene inayopenya hadi kichwani na kuteleza ndani ya bamba lililofungwa ubavuni mwa paja, ili bibi akikanyaga, vipande vibanane. Kuna pia msumari unaopita katikati ya mfupa, na parafujo yake ikielekea kichwani. Msumari uko karibu zaidi na mstari wa uzito wa mwili, hivyo hufaa ukuta wa nje wa mfupa ukiwa umepasuka. Ila ni ghali, na mvunjiko uliotulia hauudai. Bibi aliwekewa bamba, na daktari aliyeamua hivyo namheshimu kuliko anayekimbilia kipya.

Mfupa wa mzee ni mwepesi kama bua kavu. Parafujo iliyokaa vibaya hutoboa kichwa na kutokeza. Mwaka 1995 Michael Baumgaertner na wenzake walitoa kipimo: umbali kutoka ncha ya parafujo hadi kilele cha kichwa, ukijumlisha wa picha ya mbele na wa picha ya ubavuni, usizidi milimita 25.

Wapo wanaofanya haya bila mashine ya picha chumbani. Msumari wa shirika la SIGN, lililoanzishwa na Lewis Zirkle mwaka 1999, unatumika hata katika taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Mkono wa chuma huelekeza keekee, na daktari hulitafuta tundu la msumari kwa kupapasa.

Kesho yake baada ya upasuaji walimsimamisha bibi. Akashika fremu, akaukanyaga mguu taratibu, akasubiri maumivu. Kisha akauliza kakao imeanuliwa na nani.