Tablo zilizozaliwa kwetu na kuta za kampusi

Mwenye aliishi Lubumbashi miaka ya 1970 anakumbuka ginsi saloni zetu zilikuwa. Juu ya viti, tablo. Kwa huyu Mamba Muntu na nywele zake ndefu, kwa yule "Colonie belge": mfungwa amelala chini, fimbo iko juu. Haikuwa pambo tu. Mgeni aliingia, akaangalia, akauliza, na mzee wa nyumba akaanza kusimulia. Watu walisema ni ukumbusho, na jina lile linaonyesha kazi yake. Bila masimulizi, tablo ni nusu.

Kwa kipimo kile njo ninataka kuangalia kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, na pahali kazi ile iko leo. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, tablo zaidi ya 100, juu ya nguo ya magunia ya unga. Mwenye kuziagiza alikuwa Johannes Fabian, profesa wa antropolojia kwenye kampusi ya Lubumbashi, wakati ule ikiitwa UNAZA. Tshibumba alimpelekea tablo nyumbani, akazieleza moja moja kwa Kiswahili chetu, mashine inashika sauti. Mwenyewe alijiita historien, hapana mchoraji tu.

Tuangalie tablo ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito. Maiti tatu chini. Nyuma, misalaba mitatu. Damu ya Lumumba inaandika "Unité" kwenye udongo. Kuko wenye watasema ni uongo: tarehe 17 Januari 1961 hapakuwa msalaba pale porini. Kweli. Lakini Tshibumba haleti ushahidi wa mahakama, analeta ginsi ya kufahamu kifo kile. Mimi nilionyesha fotokopi yake darasani, mwaka wa sita. Nilikuwa nimetayarisha somo la uhuru, saa moja. Somo halikuisha. Kijana mmoja alikasirika: mtu wa siasa hawezi kuwekwa sawa na Yesu! Msichana akamjibu kwamba babu yake anasema vile vile. Kengele ikalia, wao bado wanabishana. Kitabu changu cha historia hakijanifanyia hivyo hata siku moja.

Tablo zenyewe ziko Amsterdam, katika makumbusho yenye iliitwa zamani Tropenmuseum. Hapana wizi hapa. Zililipwa, Fabian alizichapisha katika kitabu mwaka 1996, na maneno ya Kiswahili ya Tshibumba yaliwekwa kwenye intaneti. Lakini zilipita karibu kabisa na chuo kikuu, kisha zikaenda Ulaya na mizigo ya profesa. Habari za Tshibumba mwenyewe zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Pengine mtu ataniambia: Mwalimu, kampusi si nyumba ya makumbusho. Sawa. Lakini kule Venezuela, katika chuo kikuu cha Caracas, mjenzi Villanueva aliweka kazi za sanaa kila upande: kioo cha rangi cha Léger, sanamu ya Arp. Katika ukumbi mkubwa, tangu 1953, "mawingu" ya Calder yametundikwa juu ya vichwa vya wanafunzi, tena yanasaidia sauti isikike vizuri. UNESCO iliandika kampusi ile katika urithi wa dunia mwaka 2000. Mwanafunzi halipi tikiti. Anapita tu kwenda masomo, na kwa kupita anazoea.

Sisi hatuhitaji kungojea Amsterdam irudishe kitu. Picha nzuri za tablo zile zinaweza kuombwa, zichapwe kwa ukubwa wake, zitundikwe kwenye kuta za Kassapa na za vyuo vya ualimu. Chini ya kila moja, maneno ya Tshibumba kwa Kiswahili, bila kuyasafisha, kwa kuwa wasomi wetu wanapenda sana kusafisha. Kisha zisifungwe ndani ya ofisi ya wakubwa. Ile ya Lumumba iwekwe pale wanafunzi wanapanga mstari wa kulipa minerval: pale watu wanakawia, na maneno hayakosi.