Sauti Dhidi ya Sura: Usawiri wa Storm katika Filamu na Vibonzo

Ni usawiri upi wa shujaa wa kike unaostahili kuwa kipimo cha wengine wote? Swali hili huachiwa watazamaji, kana kwamba si la uhakiki. Makala hii inashikilia kwamba ni la uhakiki, na kwamba linatuhusu. Mhusika tunayemlenga ni Storm, au Ororo Munroe, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Mama yake, N'Daré, anaelezwa kuwa binti wa kifalme kutoka Kenya. Baba yake ni mpiga picha Mmarekani. Baada ya kufiwa na wazazi wake mjini Cairo, Ororo anasafiri kwa miguu hadi nchi ya mama yake, na huko anaabudiwa kama mungu mwenye kuamuru mvua. Hivyo basi, anayeuliza nani amemwigiza vyema anauliza pia ni Kenya ipi iliyobuniwa kwa niaba yetu.

Ubishi uliotuchochea tuliusikia likizoni huko Nyamache, Kisii, ambako mvua ya mawe ikishuka juu ya michai hakuna anayeiona kuwa burudani. Vijana wengi walimteua Halle Berry, aliyeigiza nafasi hiyo katika filamu za 2000, 2003, 2006 na 2014. Hoja yao ina uzito: sura yake ndiyo iliyomfikisha Storm kwa hadhira kubwa. Hata hivyo, katika filamu ya kwanza alipewa lafudhi iliyokusudiwa kuwa ya Kiafrika. Katika ya pili lafudhi hiyo imetoweka bila maelezo. Lafudhi inapofutwa pasipo mbadala, asili ya mhusika hufutika pamoja nayo. Aidha, kauli yake inayokumbukwa zaidi katika filamu hiyo ya kwanza ni mzaha juu ya chura apigwaye na radi. Anayeamuru mbingu anapunguzwa kuwa mchekeshaji.

Alexandra Shipp, katika filamu ya mwaka 2016, alirejeshwa Afrika: anaonekana akiwa kijana mwizi wa mitaani mjini Cairo, kisha anasajiliwa na Apocalypse. Hatua hii ni ya kupongezwa. Lakini Afrika hiyo inakomea Misri, na msichana huyo ana nguvu nyingi na maneno machache. Anapiga radi kama askari afyatuaye bunduki ya bwana wake.

Tunadai kuwa usawiri ulio kipimo unapatikana katika vibonzo vya X-Men vilivyoonyeshwa kati ya 1992 na 1997, hususan katika sauti ya Alison Sealy-Smith, mzaliwa wa Barbados na mwigizaji wa Kanada, aliyeipokea nafasi hiyo kutoka kwa Iona Morris. Storm huyu hapigi radi kabla ya kunena. Huziita pepo na kuziamuru kana kwamba ni viumbe vyenye masikio, na hujitaja mwenyewe kwa majivuno. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atazitambua mara moja ritifaa na tashihisi, na atasikia mwangwi wa kivugo, utungo ambamo shujaa hujinaki kwa kinywa chake mwenyewe. Neno ndilo chanzo cha tendo, radi hufuata.

Ushahidi wa dai hili ulitolewa mwaka 2024, mfululizo huo ulipoendelezwa kwa jina la X-Men '97, na Sealy-Smith akarudi. Humo Storm ananyang'anywa nguvu zake kwa silaha. Mbingu hazimtii tena. Je, anabaki nini? Inabaki sauti, na kwa sauti hiyo tunamtambua bado, hadi anapoikabili hofu yake ya mahali finyu na kurejeshewa alichopoteza. Berry na Shipp hawakuandikiwa mtihani kama huo. Kwa jinsi walivyoandikwa, bila radi wangebaki na vazi tu.

Kuna watakaopinga kwamba sauti hii imetiwa chumvi mno. Pingamizi hilo linapima kivugo kwa mizani ya mazungumzo ya sokoni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata vibonzo hivyo havijui Afrika vinayoisimulia. Ni kweli. Mvulana ambaye Storm anarudi Afrika kumwokoa anaitwa Mjnari, jina ambalo sauti zake hazitamkiki Kiswahili. Na ajuaye Kiswahili, akisikia "Ororo", hukumbuka kivumishi -ororo, yaani laini, sifa isiyomfaa bibi wa tufani. Uigizaji mwema haufuti makosa ya mwandishi. Unafanikiwa licha yake.

Kwa nini jambo hili lisiachiwe vijana? Kwa sababu Wagusii wamewahi kuwa na mwanamke ambaye silaha yake ilikuwa neno. Mwaka 1908 nabii Moraa wa Ngiti alimchochea Otenyo, naye akamchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote, ambaye alinusurika. Leo tunamwita Moraa shujaa. Lakini Oktoba 2021, huko Marani, katika Kaunti hiyo hiyo ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Jamii inayomsifu mwanamke mwenye neno akiwa historia inaweza kumwogopa akiwa jirani. Storm aliye sura tu hatudai lolote. Tunamtazama na kwenda zetu. Storm aliye sauti anatulazimisha kusikiliza mwanamke akitamka uwezo wake bila kuomba radhi, nasi tusikimbilie kiberiti. Hicho ndicho kipimo chetu, na kwa kipimo hicho Sealy-Smith hajapata mpinzani.